Mwezi Mzuri wa Kupanda Rwenzori Haupo

Uliza mtu yeyote Kampala ni lini apande Rwenzori, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: Januari na Februari, au kuanzia mwisho wa Juni hadi Agosti. Ofisi za utalii zina jedwali la miezi kumi na miwili lililopakwa rangi, kijani kwa kiangazi na nyekundu kwa mvua, na mteja huonyeshwa jedwali hilo kabla hata ya kuulizwa ana umri gani au kama kifua chake ni kizima. Vijana wa vikundi vya kupanda milima mwishoni mwa wiki wanalijua kwa moyo. Vitabu vya wageni vinaliandika, na kitabu kipya kinanakili cha zamani.

Wala ugonjwa huu si wa Rwenzori peke yake. Kampala ina Wahindu wanaosali katika hekalu la Barabara ya Snay bin Amir na kwingineko mjini, na miongoni mwa watu wa imani hiyo kwenda hija ya Himalaya ni ndoto ya maisha: Kedarnath, pango la Amarnath, mzunguko wa Kailash. Hapo nako, mazungumzo ya safari huanza na mwezi. Twende lini? Lini hakuna mvua? Lini njia ni kavu?

Nasema swali hilo limepewa kiti cha mbele lisichostahili, na jibu lake la Kampala ni nusu ya ukweli inayouzwa kwa bei ya ukweli mzima. Mlima mrefu huchaguliwa kwa siku, si kwa mwezi. Mwenye siku za kutosha atafika karibu mwezi wowote. Asiye nazo, hata umpe Februari iliyo kavu kama mfupa, yuko hatarini.

Kilicho chao watu wa jedwali nawapa. Mvua kubwa za upande huu zinanyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Katikati yake hupungua. Hilo linapimika, sibishani na mawingu. Lakini angalia neno lenyewe: hupungua. Rwenzori iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, upande wa mashariki wa bonde la Kongo, na hewa yenye unyevu wa msitu wa bonde hilo ikigonga ukuta wa mlima haina pa kwenda ila juu, ipoe, imwage maji. Sehemu nyingi za mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kiangazi cha Kasese, mji wenye vumbi na joto uliopo pale chini, si kiangazi cha bonde la Bujuku kule juu. Mtu anashuka basi Kasese mwezi wa Februari, jua linampasua kichwa, anajisemea jedwali limesema kweli. Siku mbili baadaye yumo kwenye kinamasi cha Bigo, tope linamfika goti na gambuti moja limebaki chini.

Kinamasi hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachovunja jedwali. Kuna vichuguu vya majani marefu, kila kimoja kama kiti kidogo chenye nywele, na kati yake maji meusi. Unaruka kutoka kichuguu hadi kichuguu. Ukikosea, unaingia. Siku hizi sehemu kadhaa zimetandikwa njia za mbao, lakini hazifiki kila mahali, na mbao zenyewe zikilowa huteleza kuliko tope. Tope hilo halikauki Februari. Waongozaji na wapagazi wa Kibakonzo, ambao wamezaliwa chini ya mlima huu, huvaa mabuti ya mpira mwaka mzima, Januari na Novemba bila tofauti. Mteja wa Kampala aliyeambiwa kwamba ni kiangazi huja na viatu vya ngozi vya bei mbaya. Nimewaona watu wa namna hiyo wakishuka. Viatu vimefungwa kamba na kuning'inizwa mgongoni, wamevaa gambuti za kuazima.

Tuje kwenye hoja wanayoipenda zaidi: kwamba kiangazi ndicho kinachokuonyesha mlima. Historia inawakataa. Januari 1876, Henry Morton Stanley alifika karibu na Ziwa George akisindikizwa na askari wa Kabaka Mutesa. Alikuwa chini ya mlima wenyewe, katika mwezi ulio kijani kibichi kwenye jedwali letu. Theluji hakuiona. Akaondoka. Miaka 12 baadaye akarudi kutokea upande wa Kongo, safari ile ya kumtafuta Emin Pasha, na safari hii watu wake wawili, Parke na Jephson, wakauona mlima wenye theluji tarehe 20 Aprili 1888. Stanley mwenyewe akauona tarehe 24 Mei. Aprili na Mei! Miezi myekundu.

Hilo si muujiza. Kiangazi ni wakati wa kuchoma nyasi na mashamba, toka nyanda za Uganda hadi ndani ya Kongo, na moshi unachanganyika na vumbi hadi upeo wa macho unakuwa na rangi ya majivu. Mkazi wa Fort Portal atakwambia kwamba kuna wiki nzima za kiangazi ambapo mlima umepotea kana kwamba haujawahi kuwapo. Kisha mvua moja kubwa inapiga usiku, hewa inaoshwa, na alfajiri vilele vinasimama pale, vyeupe. Kwa anayetaka kuuona mlima, mvua ya jana ina faida kuliko ukavu wa mwezi mzima.

Hata mtu ambaye Kampala inapenda kumtaja kama shahidi wa Juni hasemi wanachodhani anasema. Mtawala wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Savoia, alifika kileleni Margherita tarehe 18 Juni 1906, kilele cha mita 5,109, mtu wa kwanza anayejulikana kukanyaga pale. Basi, wanasema, Juni. Lakini soma safari yenyewe. Alitembea kutoka Entebbe hadi Fort Portal mwezi Mei, mvua zikiwa bado hazijakatika. Alikuja na waongozaji wa Alps, na mpiga picha Vittorio Sella, na msafara mrefu wa wapagazi, na juu ya yote alikuja na muda. Alikaa mlimani wiki nyingi. Ukungu ukifunga, aliusubiri. Ukifunguka kwa saa mbili, alipanda. Alivitembelea vilele vya milima yote sita mikuu ya safu hiyo kwa sababu hakuwa na ndege ya kuwahi Jumapili. Miezi michache kabla yake, Novemba 1905, Waingereza Freshfield na Mumm walijaribu wakashindwa na hali ya hewa, na watetezi wa jedwali hushangilia hapo: umeona, Novemba! Nami nawauliza: wangekaa wiki sita?

Hapa ndipo penye kiini. Siku ya kilele, kutoka kibanda cha Elena kilicho mita 4,541 hadi Margherita na kurudi, inahitaji kitu kimoja: alfajiri moja njema. Si mwezi mwema. Mlima huu una tabia ya siku: mara nyingi mbingu hufunguka usiku wa manane na mapema asubuhi, mawingu hupanda kutoka mabondeni jua likishika nguvu, mvua au theluji hushuka alasiri. Ndiyo maana waongozaji huwaamsha watu saa nane au saa tisa za usiku. Alfajiri za namna hiyo hupatikana Januari, hupatikana pia Oktoba. Januari ni nyingi zaidi, sawa. Lakini mwenye alfajiri moja tu katika ratiba yake anacheza kamari hata Januari, na mwenye alfajiri tatu ana nafasi nzuri hata Oktoba. Siku ya akiba inashinda mwezi mzuri. Hilo jedwali haliwezi kulionyesha, kwa kuwa siku ya akiba inagharimu fedha, na rangi ya kijani ni ya bure.

Kuna kitu kingine ambacho jedwali linakificha, nacho ndicho kibaya zaidi. Watu wengi wanaodhurika kwenye milima mirefu hawaangushwi na mvua. Wanaangushwa na mwinuko: kichwa kinachogonga, kutapika, kisha kwa wachache, maji kwenye mapafu au uvimbe wa ubongo. Ushauri wa madaktari wa milimani ni wa zamani na haubadiliki: ukipita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Sasa pima njia yetu kuu inayoanzia Nyakalengija. Usiku wa kwanza Nyabitaba, mita 2,651. Wa pili kibanda cha John Matte, karibu mita 3,500. Wa tatu Bujuku, karibu 4,000. Wa nne Elena. Tayari ni haraka kuliko ushauri. Halafu anakuja mtu wa Kampala, amepewa likizo ya wiki, anauliza kama hatuwezi kukata usiku mmoja, “maana ni kiangazi, njia ni nyepesi.” Kiangazi kinampa ruhusa ya kuharakisha, na haraka ndiyo inayomlaza. Mapafu hayajui kama nje kunanyesha.

Wenzetu wa Himalaya wamelipia somo la kuamini mwezi mzuri kwa maelfu ya roho. Hekalu la Kedarnath liko mita 3,583. Kila anayepanga safari ile huambiwa: nenda Mei au nusu ya kwanza ya Juni, kabla ya mvua za monsuni, au usubiri Septemba. Juni 2013 mahujaji walijaa bondeni kwa kufuata ushauri huo. Monsuni mwaka ule ikaja mapema mno, ikaifunika India nzima kufikia tarehe 16 Juni, karibu mwezi mmoja kabla ya kawaida. Mvua ikashuka juu ya theluji, ziwa dogo la Chorabari lililo juu ya hekalu likapasua kingo zake, na usiku ule na asubuhi yake maji na mawe yakapita katikati ya mji wa mahujaji. Waliokufa walikuwa maelfu. Wote walikuwa ndani ya msimu mzuri.

Amarnath ni kinyume chake, na kwangu ndiyo yenye fundisho kubwa. Pango hilo liko mita 3,888, na hija yake huangukia mwezi wa Shravan, ambao ni mwezi wa mvua. Haichaguliwi, mwezi umewekwa na dini, na Shiva wa barafu aliyemo pangoni hasubiri likizo ya mtu. Agosti 1996 theluji na baridi ziliwakuta mahujaji njiani, wakafa zaidi ya 240. Serikali ikaunda kamati. Kamati haikusema hija ihamishwe mwezi mwingine. Ilipendekeza idadi ya watu iwekewe kikomo, na umri pia. Siku hizi mhujaji haingii njiani bila cheti cha daktari. Wao waligundua kwamba tarehe ndiyo wasiyoweza kuigusa, basi wakashughulikia kila kingine, na hicho kingine ndicho kilichokuwa na maana tangu mwanzo.

Waislamu wa Kibuli na Old Kampala hawahitaji mfano wa mbali. Hija ya Makka inafuata mwezi mwandamo na kuzunguka majira yote. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Katika tangazo hilo hilo ikasema asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali, walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala makazi. Msimu ulikuwa mmoja kwa wote. Kilichotenganisha wengi wa waliorudi na wasiorudi ni hema, basi na maji.

Na pale Namugongo, tarehe 3 Juni imewekwa na moto uliowaua Mashahidi wa Uganda mwaka 1886. Mahujaji hutembea kwa siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania na kila pembe ya Uganda, mvua za masika zikiwa zinamalizia mkia wake, na sijasikia mtu akiwaambia wasubiri Julai. Tunajua kwamba kuna safari ambazo siku yake haitokani na utabiri wa hewa. Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, na Kisoi Munyao akapandisha bendera Mlima Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Uhuru haukusubiri Januari.

Najua jibu linalonisubiri, na ni zito: Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulishuka kutoka mlimani ukiwa umebeba mawe makubwa kama magari, ukabomoa Kilembe, ukafika Kasese, watu wakafa na maelfu wakahama. Mei 2020 ukarudia, ukaiharibu tena hospitali ya Kilembe. Bonde hilo ndilo mlango wa njia ya Kilembe ya kupandia mlima. Na wewe unataka watu wapande miezi ya mvua?

Simwambii mtu yeyote alale ukingoni mwa Nyamwamba mwezi Mei. Lakini waliochunguza gharika ya 2013 walikuta kwamba sehemu ya bonde la juu la mto huo ilikuwa imeungua mwaka 2012, moto uliopanda hadi maeneo ya juu ambako hakuna aliyezoea kuona moto, ukala vichaka na mizizi iliyokuwa imeshika udongo. Mlima ukiwa uchi, mvua ilipokuja haikuwa na kitu cha kuizuia. Yaani ukavu uliandaa gharika. Anayegawa mwaka kuwa miezi salama na miezi ya hatari anautazama mlima huu vipande vipande, ilhali wenyewe ni mmoja mwaka mzima: moto wa kiangazi ni mali ya masika yanayofuata.

Kuna pia anayelipa gharama ya jedwali bila kuulizwa. Mpagazi hulipwa kwa safari. Wateja wote wakimiminika Januari na Julai, yeye hubeba mizigo mfululizo bila kupumzika vya kutosha, vibanda vinajaa, njia inachimbika, choo cha John Matte kinakuwa hadithi nyingine ambayo sitaisimulia mbele ya wanaokula. Kisha Aprili anakaa nyumbani, hana kazi. Wangegawanywa wateja hao kwa miezi yote, mlima ungepumua na mpagazi angekula. Wabakonzo wanasema juu kule anakaa mungu wao, Kitasamba, na wazee wao wana taratibu za kumwendea. Jedwali la Kampala halimo katika taratibu hizo.

Wengine hunijibu kwamba barafu ya kilele ni ngumu zaidi kupita kipindi cha mvua, theluji mpya inafunika nyufa. Ni kweli, na ni sababu ya kuwa na mwongozaji anayeijua barafu hiyo na kamba nzuri, ambavyo Januari pia vinahitajika, kwa kuwa kiangazi huacha barafu tupu, ngumu, ya kuteleza. Ila hoja hii ya barafu inazidi kupungua uzito kila mwaka kwa sababu barafu yenyewe inapungua. Mwaka 1906 ilikuwapo juu ya milima yote sita, kama kilomita za mraba saba na nusu. Mitatu kati yake, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, iliipoteza yote katika karne iliyopita, na iliyobaki mwanzoni mwa karne hii ilikuwa chini ya sehemu ya tano ya ile ya zamani. Nayo inayeyuka. Mtu anayeahirisha safari miaka mitatu akitafuta Februari nzuri anahesabu kitu kidogo na kuacha kikubwa.

Sasa, wapo wenye siku sita tu, hawana wa kuwaongezea, na mwajiri wao hajui Rwenzori wala Himalaya. Hao ndio jedwali linaowahadaa zaidi, kwa kuwaambia kwamba mwezi wa kijani utafidia siku zinazokosekana. Kwangu watu hao wasiende Margherita mwezi wowote. Waende mzunguko wa Ziwa Mahoma, siku tatu, haupiti mno mita 3,000, una msitu wa mianzi na miti yenye ndevu za kuvumwani, na wakitaka waongeze usiku Nyabitaba. Ofisi ya Kampala ikikataa kuwauzia hiyo kwa sababu bei yake ni ndogo, waende moja kwa moja Nyakalengija wakawaulize waongozaji wenyewe. Na anayetaka kilele aanze kwa kudai siku mbili za akiba ziandikwe kwenye mkataba, zikiwa na bei yake, kabla hajagusa kalenda.